Kwanini kahawa ya kijiweni ni tamu kuliko ninayopika nyumbani, na buni yangu ni ya Kilimanjaro?

Nyumba ya Kona
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe maana hili jambo linanikera muda mrefu. Mimi ni mnywaji wa kahawa haswa, nanunua arabika ya Kilimanjaro, pakiti ya maana, mara nyingine punje nzima nasaga na blenda, mara nyingine nachukua iliyosagwa kabisa. Nyumbani nina frenchi presi (lile jagi la kubonyeza wavu) na mokapoti (kibirika cha jikoni kinachopandisha maji kupita kwenye kahawa) niliyoletewa na shemeji. Maji nachemsha kwenye jagi la umeme. Nikimimina na kuonja inakuja chungu halafu ina kaukali fulani kanakwaruza koo, nikipunguza kahawa inakuwa nyepesi haina ladha kabisa.

Sasa nashuka hapo chini kijiweni, mzee ana birika lake limeungua jeusi na jiko la mkaa, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, nakunywa tatu nne mfululizo na kashata pembeni. Chungu ndio, lakini uchungu wake unashuka vizuri na harufu inabaki mdomoni. Kahawa yake ananunua sokoni kwa kilo, haina hata jina. Nini anafanya yeye ambacho mimi sifanyi? Wajuzi karibuni, Tabata hapa.

mtu_kwao
Naweka kambi hapa. Hili swali ni langu pia.

Mkaanga Buni
Mkuu tatizo lako nimeshaliona kwenye sentensi ya tatu: blenda. Blenda haisagi, inakatakata. Ukifungua pale ndani unakuta unga laini kama vumbi na chenga kubwa vimechanganyika. Lile vumbi linatoa kila kitu ndani ya nusu dakika, pamoja na uchungu, na zile chenga zinakuwa hazijaiva hata kidogo, zinatoa uchachu. Kwahiyo kikombe kimoja unapata chungu na chachu kwa pamoja, hako ndo kaukali unakosema ka kooni.

Kama huna mashine ya meno ya kusagia, chukua hata ile ya mkono, inasaga punje kwa kuzibana siyo kuzikata. Na kama hela haijakaa sawa basi ukishasaga na blenda pitisha kwenye chujio la chai, lile vumbi litakaloanguka liweke pembeni tumia kwenye mokapoti au uchemshe, zile chenga ndo za frenchi presi. Dakika nne, bonyeza taratibu, mimina YOTE, usiache kahawa imekaa na mashapo humo ndani eti utaongeza kikombe cha pili baadae, maana inaendelea kuiva.

Mizani nunua pia, za jikoni zipo za bei ndogo tu. Gramu 60 kwa lita moja ya maji ndo pa kuanzia. Magi ya mililita 250 ni gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chakula vya kusawazisha hivi.

Chai Ndio Mpango
Watu mnapima kahawa na mizani ya dhahabu, sisi wengine majani tunatupia kwa kiganja na chai inanyweka na maandazi yanaisha. Endeleeni tunajifunza 😂

Nyumba ya Kona
@Mkaanga Buni asante mkuu, umenifungua. Lakini swali, mzee wa kijiweni kahawa yake imetwangwa kwenye kinu. Kinu hakina tofauti na blenda, kinatoa vumbi na chenga vile vile. Mbona yake haikwaruzi?

Bint Vikokotoni
Kwa sababu yeye anaipika na wewe unaiosha kwa maji ya moto, ndo tofauti.

Skiliza kaka yangu. Kahawa ya mdila, birika letu la kahawa, haitaki haraka. Sisi Unguja nnavyojua mimi, na nilivyoona kwa bibi na kwa wauzaji pale Jaws Corner, maji yanatangulia mekoni na tangawizi iliyopondwa, yakishachemka ndo unatia kahawa yenye unga laini kabisa, laini ya kinu na chekecheke. Makaa yawe madogo. Ikipanda povu unaondoa, ikishuka unarudisha, mara mbili tatu hivyo, usiiache ikafoka maana ikifoka harufu yote imekwenda na moshi. Mwisho unatia iliki, unanyunyiza maji baridi kidogo mashapo yatue chini, unafunika unaacha itulie. Ukimimina inatoka safi mpaka kikombe cha mwisho.

Na chombo jamani. Mdila wa shaba uliotiwa bati ndani, haukoshwi kwa sabuni. Unasuuzwa kwa maji ya moto basi. Ladha iko mle ndani imekaa miaka.

fundi jagi
Dada Bint Vikokotoni recipe iko vizuri lakini hapo kwa sabuni napinga. Kinachoganda ndani ya chombo ni mafuta ya kahawa, na mafuta yakikaa yanachacha. Hiyo "ladha ya miaka" ni mafuta ya zamani. Ukitaka ujue chukua frenchi presi ambayo haijaoshwa ule wavu wake wa ndani wiki kadhaa, nusa. Mleta mada fungua ule wavu, kuna vipande vitatu vinafunguka kwa skrubu, osha kimoja kimoja. Nakuhakikishia utakuta uchafu wa kahawia umejificha humo.

Bint Vikokotoni
@fundi jagi chombo chako cha wavu kioshe upendavyo. Mdila hauna wavu.

Ziwa Magharibi
Wadau mnazunguka sana. Jibu ni jepesi, hiyo ya kijiweni siyo arabika. Hizo kahawa za sokoni Dar nyingi zina robusta ya kwetu Kagera ndani, au robusta tupu. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ina mwili mzito, asidi yake ndogo. Ukiichemsha haikasiriki. Arabika ya Kilimanjaro thamani yake ipo kwenye ile asidi na harufu ya maua na matunda, ukiichemsha muda mrefu unaua kile ulicholipia, inabaki uchachu na uchungu.

Kwahiyo mleta mada unalinganisha vitu viwili tofauti. Chukua robusta safi iliyokaangwa kati, changanya theluthi moja na arabika yako theluthi mbili, uone.

Mbozi Juu
Naunga mkono kwa sehemu. Mimi ni mkulima, Mbozi huku. Kitu ambacho wengi hamkijui ni kwamba kahawa nzuri tunayovuna sisi inapita mnadani inapanda meli. Inayobaki ndani ya nchi mara nyingi ni madaraja ya chini, punje zilizovunjika, nyeusi, zilizoliwa na wadudu. Hizo ndo zinaenda kwa wasagaji wa mitaani, na ili kasoro zisionekane wanakaanga mpaka inakuwa mkaa. Halafu mnasifia.

Ukitaka kahawa nunua AA uone tofauti.

Mkaanga Buni
Mkuu Mbozi Juu heshima yako wakulima nawakubali sana, ila AA ni ukubwa wa punje. Zinapitishwa kwenye chekecheke la matundu, zinazobaki kwenye namba 18 ndo AA, matundu ya milimita 7 na kidogo. Punje kubwa mara nyingi imekomaa vizuri na inakaangika kwa usawa, hiyo kweli, lakini ladha inapimwa mezani kwa kuonjwa. Nimeshakunywa B ya Mbinga ikaizidi AA fulani mbali kabisa. Na PB ndo usiseme, ile punje moja ya mviringo inayojaza tunda peke yake badala ya mbili, ile ikikaangwa vizuri mimi huniambii kitu.

Mbozi Juu
Sawa mkuu hilo la chekecheke nalijua, kahawa nimeipeleka kiwandani tangu nikiwa mdogo. Nilichomaanisha ni kasoro. AA huwezi kukuta punje nyeusi zimejaa. Mimi nikiwa na ndoo ya buni najua nitapata ngapi za kunywa mwenyewe, nazichambua kwa mkono kwenye ungo moja moja kabla sijakaanga, yenye tundu la mdudu natupa, iliyokunjamana natupa, yenye kona nyeusi natupa. Hiyo kazi hakuna mashine ya elfu ngapi sijui itakusaidia kama hujaifanya.

dogo wa chuo
Kwahiyo wakuu ile ya kijiweni wanachanganya na mahindi yaliyoungua kweli au ni maneno ya watu? Nilisikia ukitaka kujua unaweka kijiko kwenye glasi ya maji ya baridi, kahawa halisi inaelea, mahindi yanazama na maji yanageuka rangi haraka.

fundi jagi
Wapo wanaochanganya dogo, sitakuambia ni wote. Hicho kipimo kinasaidia kidogo ila usimfungulie mtu kesi kwacho. Kahawa inaelea kwasababu ya mafuta na hewa iliyopo ndani yake. Ikiwa imesagwa laini sana au imekaa muda mrefu nayo inazama vizuri tu. Utamsingizia mzee wa watu.

Turudi kwa mleta mada, mbona hakuna aliyegusa MAJI? Kikombe cha kahawa zaidi ya asilimia 98 ni maji. Tabata unatumia maji gani, ya bomba au ya kisima? Kama ndani ya jagi lako kuna ukoko mweupe umeganda basi maji yako ni magumu, yana chokaa, na zile baikaboneti zinaipunguza asidi ya kahawa. Kilichofanya hiyo arabika iitwe ya Kilimanjaro kinaishia kwenye jagi. Na kama ni kisima chenye chumvi ndo kabisa. Jaribu siku moja na maji ya chupa yenye madini machache.

Jambo lingine ni joto. Watu wanasoma kwamba maji yasiwe ya kuchemka, yawe nyuzi 90 mpaka 96, wanakaa kuhesabu dakika za kupoza. Hiyo inategemea uko wapi. Dar na Tanga yanachemka kwenye 100, ukizima subiri nusu dakika hadi dakika moja ndo umimine. Arusha ipo mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemkia nyuzi 95 hivi. Mbeya na Nairobi kwenye 94. Wa huko wamimine palepale yanapochemka, wakisubiri yanapoa mno na kahawa inatoka chachu.

mtu_kwao
Dah hii ya Mbeya na maji sikuwahi kuisikia. Ndo maana maharage huko yanachelewa kuiva?

fundi jagi
Hiyo hiyo.

Nyumba ya Kona
@fundi jagi maji ya kisima mkuu, na ukoko upo. Lakini mzee wa kijiweni anachota kisima hicho hicho, nyumba ya pili kutoka kwangu. Sasa hapo maji tunayalaumuje?

Ziwa Magharibi
Ndo nilichosema. Robusta asidi yake ya kupoteza ni ndogo, kwahiyo maji magumu hayaiumizi sana. Arabika yako ndo inaumia.

Wa Kibokoni
Salaam nyote. Mimi ni wa Mombasa. Hapa kwetu kahawa tungu hupikwa vivyo asemavyo dada wa Unguja, ila tangawizi haitiwi na kila mtu, wako watiao iliki pekee na mdalasini. Ningependa kuongeza jambo moja ambalo naona mumelipita. Kikombe. Kikombe cha kahawa tungu ni kidogo, wanywa mara mbili tatu kimekwisha na ingali moto, na mdomoni mna tende au halua au kashata. Wewe ndugu wa Tabata wajaza magi, wakaa na simu, nusu saa yapita kahawa imepoa wailaumu. Kahawa ikipoa kila ila yake huonekana. Jaribu kunywa hiyo yako kwa kikombe kidogo na tende mbili kabla hujanunua mashine.

Ruwi_Kwetu
Wa Kibokoni umenena. Huku Maskati kahawa ya Kiomani inachemshwa sana tu, na wala haina uchungu wa kukwaruza. Sababu ni mkaango. Buni hukaangwa kidogo ikawa rangi ya kahawia ya wastani, haifiki weusi, inasagwa na inatiwa iliki kwa wingi, wengine zafarani au maji ya waridi. Sukari hakuna, utamu uko kwenye tende. Mtu anamiminiwa kidogo kidogo, dele mkono wa kushoto kikombe mkono wa kulia, ukitosheka unakitikisa kikombe ndo anaacha.

Kwahiyo nnapoona mtu anasema arabika ikichemshwa inaharibika, mimi naona watu wanakunywa hivyo tangu zamani na hawajaharibikiwa. Kinachounguza koo ni kahawa iliyoungua, haijalishi ni Kilimanjaro au wapi.

Mkaanga Buni
Hapo kwenye mkaango nakuunga mkono mia kwa mia, na hapo ndo nimekuwa nasubiri tufike. Mleta mada pakiti yako ina tarehe ya kukaangwa au ina tarehe ya mwisho wa matumizi tu? Kama ni ya pili basi hujui imekaa rafuni muda gani. Kahawa ikikaangwa inajaa kaboni dioksaidi ndani, ndo ile unamwagia maji inavimba na kutoa povu juu. Ukimwagia yako ikalala kimya bila kuvimba, hiyo imeshachoka, hakuna chombo kitakachoifufua.

Mzee wa kijiweni anakaanga jana anatwanga leo inaisha leo. Hiyo ndo siri yake nzima kwa mtazamo wangu.

Ukitaka kukaanga nyumbani wala siyo kazi ngumu. Kaango zito au chungu, moto wa wastani, buni mbichi zisizidi kina cha punje mbili, na MWIKO USISIMAME. Zitaanza kijani, zitageuka njano na harufu ya nyasi, kisha ya mkate, halafu zinaanza kupasuka kama bisi. Hapo ndo mpasuko wa kwanza, ukitaka mkaango mwepesi toa muda mfupi baada ya hapo. Ukiendelea zitatulia kidogo, kisha utasikia mpasuko wa pili, huu ni wa haraka na mdogo, moshi unaongezeka na mafuta yanaanza kujitokeza juu ya punje. Ukipitiliza hapo umechoma mkaa. Ukitoa mwaga kwenye ungo, pepeta nje upepo uchukue maganda na zipoe haraka, maana zikibaki kwenye joto zinaendelea kuiva zenyewe. Kilo moja mbichi inakurudishia gramu 800 na kitu, maji yameondoka. Zipumzishe siku mbili tatu kabla ya kunywa, gesi ipungue. Usifanyie ndani kama nyumba haina madirisha ya kutosha, moshi wake majirani watakuja.

Chai Ndio Mpango
Sasa mzee anakaanga jana anatwanga leo, halafu wewe unasema ipumzike siku mbili tatu. Tuchukue lipi mkuu?

Mkaanga Buni
Swali zuri. Ile gesi inazuia maji kuingia vizuri kwenye unga, ndo maana kwenye frenchi presi au ya kuchuja kwa karatasi ukitumia ya jana inakuwa haijatulia. Kwenye kuchemsha kwa muda mrefu gesi yote inatoka ikiwa jikoni. Kwahiyo wote wawili tuko sahihi.

Bint Vikokotoni
Yaani mmerudi kule kule kwamba kuchemsha ndo kunakoisaidia. Nilisema mwanzo.

Kivu Yetu
Jambo ndugu zangu. Mimi niko Bukavu. Huku kwetu tuna arabika ya Idjwi na Kalehe, nzuri sana, lakini kuna shida moja inajulikana Kivu, Rwanda na Burundi, nayo ni harufu ya kiazi. Punje moja tu ikiwa nayo inaharibu kikombe kizima, inanuka kiazi kibichi. Kwa macho hauwezi kuiona kabisa, hata ukichambua namna gani. Wataalamu wanasema ni bakteria, na inaambatana na mdudu antestia anayetoboa tunda likiwa mtini.

Kwa hiyo huku nyumbani hatusagi nyingi mara moja. Unasaga ya kikombe kimoja, unanusa, ikiwa na harufu unamwaga hiyo unapangusa mashine unasaga ingine. Ndugu wa Tabata kama kahawa yako siku zingine iko sawa na siku zingine mbaya bila wewe kubadilisha kitu, jaribu kunusa ukishasaga.

Nyumba ya Kona
@Kivu Yetu asante sana ndugu, hii mpya kwangu. Yangu haina harufu hiyo, ni mbaya kila siku kwa usawa.

nesi wa zamu
Habari zenu. Nimepita tu kusoma ila ngoja nichangie upande wa afya kidogo. Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa, na ya frenchi presi pia, inabaki na mafuta fulani yanaitwa kafestoli ambayo yanapandisha kolestro mbaya. Karatasi ya chujio inayakamata. Kwa mtu anayekunywa kikombe kimoja kimoja haina shida kubwa, lakini kama kolestro yako iko juu na unakunywa kutwa nzima, ya kuchuja kwa karatasi ni salama zaidi. Hiyo karatasi ilibuniwa na mama mmoja Mjerumani, Melitta Bentz, mwaka 1908, alianza na karatasi ya daftari la mtoto wake na kopo alilolitoboa.

Na wajawazito wasizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku. Magi moja ya kahawa ya kuchuja inaweza kuwa na 140 hivi, kwahiyo mbili tayari umepita.

dogo wa chuo
Mimi nikinywa saa kumi jioni usiku nakodoa macho tu, ila room mate anakunywa saa nne usiku anakoroma. Ni robusta au?

nesi wa zamu
Miili inatofautiana. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini inakuwa bado ipo mwilini baada ya saa tano hivi, kwahiyo ya saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku nusu yake iko nawe. Wengine ini linaiondoa haraka, wengine taratibu.

mtu_kwao
Nje ya mada kidogo, hivi kwanini sisi tunalima kahawa lakini tunakunywa chai? Kahawa si ililetwa na wamisionari, wangetufundisha na kuinywa.

Wa Kibokoni
Pwani tulikuwa tukinywa kabla ya hao wamisionari, ilikuja na majahazi kutoka Yemen na Omani.

Ziwa Magharibi
Na Kagera ndo msituweke kwenye hadithi ya wamisionari kabisa. Hao wamisionari wa Kilema waliopanda arabika yao mwaka 1898, hiyo ni Kilimanjaro. Sisi Wahaya robusta tulikuwa nayo kabla Mjerumani hajafika. Tulikuwa hatuinywi, tunaitafuna. Inachumwa haijaiva sana, inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa, hiyo ndo akamwani, mgeni akifika ndo kitu cha kwanza kuwekewa mkononi. Na zamani watu walipochanjana udugu waligawana zile punje mbili za tunda moja zimepakwa damu. Mpaka leo akamwani unaipata Bukoba, na kiwanda cha TANICA kiko palepale kinatoa ile ya unga ya kopo mnayokunywa wote humu hata kama hamsemi.

Mbozi Juu
Babu yangu alilima maisha yake yote na hakuwahi kunywa kikombe. Ilikuwa zao la kupeleka chama, unasubiri malipo ya kwanza na ya pili, ada ya shule inatoka humo. Kunywa ilionekana kama unakunywa hela. Kilimanjaro walipoanzisha chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 shughuli ilikuwa hiyo hiyo, kukusanya na kuuza.

Wa Kibokoni
Na huku Kenya Mwafrika alikuwa hana ruhusa hata ya kuipanda, ilikuwa ya walowezi, mpaka miaka ya 1930 ndipo wakaruhusiwa wachache Kisii na Meru kwa majaribio. Kitu ambacho hukuruhusiwa kukipanda utakizoea wapi kukinywa. Chai na maziwa ikapata nafasi.

dogo wa chuo
Wakuu turudi jikoni. Sisi wa hosteli tusio na frenchi presi wala mdila tufanyeje? Nina sufuria na chujio la chai tu.

fundi jagi
Unacho kila kitu. Chemsha maji kwenye sufuria, zima, subiri kidogo kama uko Dar. Mwaga kahawa ya chenga chenga, gramu 15 kwa magi, koroga mara moja, funika. Baada ya dakika nne koroga juu ile kahawa inayoelea izame, toa lile povu kwa kijiko. Iache itue dakika nyingine mbili tatu, halafu mimina pole pole kupitia kitambaa safi cha pamba juu ya chujio. Usikamue kitambaa! Ukikamua umeleta vumbi lote kwenye kikombe.

Nyumba ya Kona
Wakuu narudi na mrejesho. Nilikaa na mzee tukabadilishana. Nimechukua unga wake nikapika kwenye frenchi presi kwa maji ya chupa, dakika nne. Imetoka nzito, haikwaruzi koo, ila ina harufu ya mpira ulioungua na haina ule utamu wa pale chini. Yeye nikampa arabika yangu akaitwanga na kuichemsha kwenye birika lake, mkaa wake, maji ya kisima. Wateja wa kijiweni wameonja, wawili wamesema ni nyepesi, mmoja kasema ina uchachu, wakaomba ile ya kila siku. Mimi mwenyewe nimeiona nzuri kuliko ninavyoipika nyumbani, koo halikukwaruzwa hata kidogo. Mokapoti bado.

Ziwa Magharibi
Si umeona? Wateja wa kijiweni wanataka robusta. Kesi imeisha.

Mkaanga Buni
Haijaisha. Kaipenda mwenyewe ikiwa imetwangwa kwenye kinu kwahiyo blenda ndo mkosaji, na ile harufu ya mpira ni mkaango uliopitiliza. Mokapoti mkuu tia maji ambayo tayari ni ya moto kule chini, unga usiushindilie, moto mdogo, ikianza kufoka kwa sauti ondoa mara moja. Pakiti umeangalia tarehe?

Nyumba ya Kona
Ina tarehe ya mwisho wa matumizi tu, mwakani. Nikimwagia maji haivimbi.

Ruwi_Kwetu
Haivimbi! Hapo tena. Tafuta buni mbichi ukaange.

fundi jagi
Lakini ya kwake imekwaruza kwa maji ya kisima jikoni kwake, na kwa mzee maji hayo hayo haikukwaruza. Mleta mada, ulipotumia maji ya chupa ulitumia kwa kahawa ya mzee tu au na ya kwako pia?

Nyumba ya Kona
Ya mzee tu. Ya kwangu na maji ya chupa sijajaribu.

Bint Vikokotoni
Na mzee alipoichemsha hiyo yako alitia tangawizi au hakutia?

Nyumba ya Kona
Alitia, kama anavyotia siku zote, na iliki.

Bint Vikokotoni
Basi hapo mmeonja tangawizi. Mwambie aipike tena bila kiungo chochote, halafu wewe upike ya kwako jikoni kwako kwa kiungo, kwa sufuria, makaa au gesi ndogo. Wiki ijayo utuletee jawabu.

Mkaanga Buni
Na maji ya chupa pande zote mbili.

Mbozi Juu
Mkimaliza na maji nitafuteni, nitamtumia mleta mada nusu kilo ya buni nilizochambua kwa mkono, akaange mwenyewe.